Binti wa darasa la tatu anasoma kwa kugotagota, chumba kina watoto 118: nimhamishe au tubanane hapo hapo? (Tanga mjini)

MamaZuu

Assalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Naomba ushauri wa watu wanaozijua shule za msingi kwa ndani. Za kufarijiana nimeshapata za kutosha.

Shule ni ya serikali, ya mtaani huku Ngamiani, dakika sita kwa miguu. Jina naliacha. Namba alizonipa mwalimu mkuu: watoto 1,140, walimu 19, vyumba vya kusomea 9, matundu ya choo 8. Darasa la tatu wako 118 chumba kimoja, dawati moja wanne hadi watano. Binti daftari lake limejaa vema nyekundu, lakini nikimwambia asome alichoandika mwenyewe, hawezi.

Njia ninazoziona ni tatu: shule nyingine ya serikali (bajaji kila siku), shule ya kulipia (ada haifikiki), au twisheni ya mwalimu wake, shilingi 300 kwa siku. Kipi kina maana? Na kuna chochote mzazi mmoja anaweza kukifanya kuhusu shule yenyewe?

---

Kadi_za_Silabi

Waaleikum salaam mama Zuu. Pima kwanza, ndipo uamue. Ni dakika kumi na haigharimu kitu.

Chukua kitabu cha kusoma cha darasa la pili, usianze na cha la tatu. Kama huna, vitabu vya kiada vimo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, unavifungua kwa simu. Chagua aya ambayo hawajaisoma darasani, kwa sababu kwenye chumba kilichojaa watoto hukariri kurasa za mwanzo kwa masikio. Weka saa dakika moja, asome kwa sauti, nawe uhesabu maneno aliyoyapatia. Akikwama sekunde tatu mwambie "endelea", usimtajie. Kigezo kilichowekwa nchini kwa darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika, na mtoto awe ameelewa. Kwa hiyo funika kitabu umuulize maswali matatu ya humo humo.

Halafu shuka ngazi. Andika silabi nyepesi, ovyo ovyo: ko, me, tu, be, la, so, de. Kando yake andika mwambatano: mba, nda, nya, cha, sha, dha, gha, kwa, mwe, ng'o, ngo. Nasema ovyo ovyo kwa sababu "ba be bi bo bu" ni wimbo. Mtoto anauimba mwaka mzima akifuata kijiti cha mwalimu, na ukimwonyesha "bo" peke yake anarudi kimoyomoyo kuanzia "ba". Utaona midomo inacheza.

Malizia kwa imla ya maneno kumi, yakiwemo ng'ombe, mbwa na dhahabu.

Vema nyekundu usizitegemee. Madaftari 118 kwa dakika moja moja ni karibu saa mbili kwa somo moja tu. Mwalimu anasahihisha kilichonakiliwa kutoka ubaoni, na kunakili kunawezekana bila kujua herufi.

Na macho. Mtundikie kalenda mita sita, afunike jicho moja moja, asome tarakimu kubwa. Akibabaika, hospitali ya Bombo kabla ya twisheni. Lete majibu hapa.

---

Chaki_Nyeupe

Hamisha tu mwaya. Shule haiponi kwa mzazi mmoja, na mtoto anakua leo.

---

Rejesta

Chaki, ahamie wapi? Shule ya pili nayo ni ya Jiji hili hili, na ikisifika kidogo tu, mwaka ujao imejaa. Kama ni kulinganisha, aingie tovuti ya NECTA (Baraza la Mitihani), matokeo ya darasa la nne na la saba, mkoa wa Tanga, halmashauri ya Jiji, shule kwa shule, miaka mitatu. Asitazame asilimia ya ufaulu. Atazame wastani wa shule, unaohesabiwa kwa 300 (masomo sita, kila moja 50). Daraja C linaanzia 121, kwa hiyo shule inaweza kujitapa wamefaulu karibu wote kumbe wamepenya na 125. Aangalie na idadi ya watahiniwa: wastani wa watoto 30 hupanda au kushuka kwa sababu ya wanne watano tu, wa watoto 140 hausogei bure.

Sasa namba za mama Zuu mwenyewe, maana ndani yake mna jambo. Kiwango ni mwalimu mmoja kwa watoto 45, hivyo 1,140 wanataka walimu 25 au 26. Wapo 19. Ni pengo, lakini si la kukatisha tamaa. Vyumba ndiyo msiba: vinahitajika kama hao hao 25, vipo 9.

Vyumba tisa vinaingia walimu tisa. Maana yake kipindi chochote cha siku walimu kumi hawako darasani, na si kwamba wametoroka, hawana pa kuingia. Wanasahihisha, wanaandika andalio la somo, wengine ndiyo hizo soga. Shule inalia haina walimu na huku zaidi ya nusu yao wamekaa ofisini kwa kukosa ukuta na bati.

Hapo ndipo pa kushika. Zamu mbili huku pwani ni ngumu, kwa sababu zamu ya mchana inagongana na madrasa na rejesta inabaki nusu tupu. Lakini darasa la kwanza na la pili hutoka mapema, na chumba chao kikibaki wazi nusu ya la tatu inaweza kuhamia humo mpaka saa 8. Hilo ni suala la ratiba, halihitaji tofali hata moja. Njia nyingine ni walimu wawili chumba kimoja, mmoja anafundisha mbele na mmoja anapita kwenye madawati. Iliyo nyepesi kuliko zote ni kundi la nje: watoto 20 wasiosoma, saa moja kila siku, kibarazani, jamvi moja na ubao wa kuegemeza wa futi 4 kwa 4 uliopakwa rangi nyeusi. Chini ya mwembe ni pazuri mpaka masika yaingie, kuanzia Machi hapakaliki, kwa hiyo kibaraza kitafutwe tangu mwanzo.

Makundi haya hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila mwalimu anakumbuka kusukumia huko watundu wake, na ndani ya wiki mbili 20 wamekuwa 60. Aingie aliyepimwa, atoke aliyepimwa, kila baada ya wiki tatu. Ya pili, mwalimu wa kundi hapunguziwi vipindi kwenye ratiba, basi mitihani ikikaribia analiacha. Jina lake na saa yake viandikwe kwenye ratiba kuu inayobandikwa ofisini. Makubaliano ya mdomo hayafiki mwisho wa mwezi.

Muulizeni pia mwalimu mkuu, kwa adabu, nani anafundisha darasa la kwanza. Kwa kawaida wakali wote wanapelekwa la nne na la saba, kwa kuwa huko ndiko wanakotazamwa na mtihani wa taifa, na la kwanza anapewa yeyote aliyebaki. Matokeo yake yanakuja kuonekana la tatu, kama hivi.

---

Bi_Usajili

Kwa anayeamua kuhama: barua ya mzazi kwa mwalimu mkuu, uhakika wa nafasi kule anakokwenda, kisha uhamisho ufanyike kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi. Hapa ndipo wengi huumia. Mtoto anakwenda kukaa darasani shule mpya huku kwenye mfumo bado yuko ya zamani, na usajili wa upimaji wa darasa la nne ukifika jina halionekani popote. Usiridhike na "tumempokea", omba uonyeshwe namba yake ya PReM ikiwa chini ya shule mpya, na jina lifanane na cheti cha kuzaliwa herufi kwa herufi. Akishasajiliwa kwa mtihani usimhamishe, subiri aumalize.

Na mjue kwamba mtoto aliye la tatu sasa yuko kwenye mtaala mpya ulioanza Januari 2024. Elimu ya msingi kwake inaishia la sita. Mwaka 2027 ndio uliopangwa darasa la sita na la saba wamalize pamoja, na baada ya hapo la saba halipo tena. Ule mwaka wa mwisho tuliozoea kuutumia kufukuzia waliobaki nyuma umekwenda.

---

MamaZuu

Ahsanteni. Nimepima jana, macho hayana shida. Maneno 19 kwa dakika, maswali matatu kapata moja. Silabi nyepesi sawa, ila "be" na "de" anazigeuza. Mwambatano 11 kapata nne: cha, sha, nya, kwa. Imla: ng'ombe kaandika "ngobe", mbwa "bwa", dhahabu "zahabu". Madrasa anaingia saa 9 mpaka saa 11 na nusu.

---

Kadi_za_Silabi

Hii ni afadhali kuliko ulivyodhani. Ana silabi, amekwama ngazi moja tu, mwambatano. Mwalimu wa la tatu anafundisha kana kwamba ngazi hiyo imeshapita, na kila neno la pili kitabuni linayo. Hiyo ni kazi ya wiki nane, dakika 25, siku tano kwa wiki. Muda mzuri ni saa 8 na nusu akishakula, kabla ya madrasa. Baada ya magharibi atasinzia juu ya daftari.

Kata katoni kadi za sentimita 8 kwa 6, andika kwa maka herufi ndogo. Familia moja kwa siku mbili, kwa utaratibu huu: mb, nj, nz, nd, mv, ng, kisha mw, bw, tw, sw, kisha mbw, mwisho dh, gh, th, ng'. Hizo ni familia 15, siku 30, wiki sita. Wiki mbili za mwisho ni kusoma tu. Nimetenga ng na ng' makusudi. Ukizifundisha wiki moja zitamchanganya mpaka mwakani.

Kila kikao: dakika tano kadi za nyuma zilizochanganywa kama karata, nane kadi mpya na maneno yake (mba: mbao, mbaazi, kamba, shamba), saba kusoma kifungu kifupi kile kile mara tatu, tano imla ya maneno matano. Imla usiiruke. Mtoto akisoma anaweza kubahatisha, akiandika hana pa kujificha.

Wazazi hukosea hapa: wanataja majina ya herufi, "em, be, a". Kwa jina hapatoki sauti. Funga midomo uvute mmm, kisha ipasue: mba. Na usimkubalie "muba", hiyo ni silabi mbili. Kwenye "ngobe" tazama, makosa ni mawili tofauti: hakuitenga ng' na ng, na pia kaimeza mb. Kwa ng' mwambie sauti inatoka puani na g haisikiki: ng'ombe, ng'oa, ng'ara. Kisha ngoma, ngazi, ngano, ambapo g inagonga.

Kwa b na d, b ametanguliza tumbo, d kaacha makalio nyuma. Watacheka, hawatasahau. Wiki ya kwanza kadi za b peke yake, d zifichwe kabisa, ziingie wiki ya pili.

Dh, gh na th mwachie maalim wake akusaidie bila kujua. Mtoto wa madrasa dhali na zei anazitofautisha kwa ulimi kila jioni, hajaambiwa tu kwamba "dh" ya shuleni ndiyo dhali ile ile. Mwambie asome dhali, kisha mwonyeshe dhahabu. Ghaini kwa ghali na ghafla, the kwa thelathini na thamani. Anajua pia kwamba be yenye fataha ni ba na yenye kasra ni bi, yaani kuunganisha sauti anakufahamu zamani. Watoto wa bara wanahangaika na hizi sauti, wenu wanazo mdomoni bure.

Kila Ijumaa pima dakika moja kwa kifungu kipya, andika tarehe na namba. Akiongeza maneno mawili matatu kwa wiki mnakwenda vizuri. Wiki tatu akiganda pale pale, rudi familia mbili nyuma.

---

Mjumbe_wa_Kamati

Kuhusu twisheni. Shilingi 300 kwa siku 22 ni 6,600 kwa mwezi. Sasa sikiliza: ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka, 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, zinazofika shuleni ni 6,000. Mwezi mmoja wa twisheni unazidi fedha ambazo shule yake inapata kwa ajili yake mwaka mzima. Kama ungelipia watoto watano juu ya jamvi, na kwa ngazi aliyoitaja Kadi_za_Silabi hapo juu, ningesema lipa. Lakini twisheni ya mtaani huwa ni watoto 50 au 60 wa darasa lile lile, chumba kile kile, somo lile lile la asubuhi. Analipia kurudia asichokielewa.

Hiyo 6,000 ni 500 kwa mwezi. Kwa watoto 1,140 shule inapaswa kupata kama 570,000 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi, mitihani, michezo, ukarabati na utawala. Waliohamia baada ya takwimu za mwaka kukusanywa hawamo kwenye hesabu, wanakula fungu la wenzao. Mapato na matumizi hubandikwa ubao wa matangazo. Kama ubao ni mtupu, omba kwa upole ubandikwe. Usianze na neno "mmekula", milango yote itafungwa na utabaki na neno lako.

Michango: waraka wa elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima. Mkikubaliana kuchanga kwa jamvi na ubao ni sawa, iwe hiari, ipite kwenye kamati, risiti itoke, na asirudishwe mtoto nyumbani kwa sababu ya mchango. Mwalimu mkuu ni katibu wa kamati, mwenyekiti anatoka kwa wazazi. Ukienda kwa katibu peke yake jambo linabaki mezani kwake, kwa hiyo mwenyekiti ajue siku hiyo hiyo. Akishindwa yeye, Afisa Elimu Kata. Tanga imo kwenye mikoa ya mradi wa Shule Bora, kwa hiyo uliza kama Ushirikiano wa Wazazi na Walimu upo hapo shuleni na nani anawakilisha la tatu. Mara nyingi umeundwa, jina limeandikwa, hajawahi kuitwa.

Madawati: 118 kwa watatu watatu ni 40. Zunguka nyuma ya stoo uhesabu mabovu kabla ya kuomba mapya. Miguu ya chuma huku kwetu huoza pale inapogusa sakafu, chumvi ya bahari na maji ya kudeki. Fundi anakata sentimita 10 za chini, anaunga kipande, anapaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Wakiiruka ile ya kutu ili kubana fedha, masika mawili mguu umeisha tena. Mbao zishikwe kwa bolti. Msumari unacheza, unatoka, unachana sketi. Na ni aibu kidogo kukosa mbao za dawati wakati mitiki ya Longuza iko Muheza hapo.

Vyoo sigusi leo. Tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25, pigeni hesabu wenyewe mpate usingizi mkiweza.

---

Uji_Saa_Nne

Mkianzisha kundi la nje wapeni uji, mahudhurio yanabadilika. Watoto 20: unga kilo 1, sukari gramu 300, maji lita 6, kila mmoja kikombe. Unga wa lishe wenye karanga nunueni wa wiki mbili tu. Kwa joto na unyevu wa Tanga unavunda, na ukungu wa karanga ni sumu hata ukiuchemsha. Vikombe waje navyo, vya shule havimalizi mwezi.

---

MamaZuu

Kadi nimeshakata, mb na nj. Kwa mwalimu mkuu nataka kwenda Jumatatu na karatasi ya hizo namba za walimu na vyumba. Niende na wazazi wenzangu au peke yangu?

---

Rejesta

Jumatatu usiende, kuna paredi, watoro na wazazi walioitwa. Nenda Jumatano saa 5, mapumziko yakishaisha, uandike kitabu cha wageni, sababu: "taaluma, darasa la tatu". Muwe wawili, wewe na mzazi mmoja, mkiwa kumi ataona maandamano. Karatasi iwe ya upande mmoja: 19, 9, 118, matokeo ya kupima kwa watoto watano sita mliowapima mtaani kwa kitabu kile kile, na ombi moja tu, kibaraza na mwalimu mmoja kwa saa moja. Ukitaja vyoo, madawati na ruzuku siku hiyo hiyo atakujibu la vyoo, kwa sababu ndilo ambalo hana uwezo nalo. Nakala moja mwachie mwenyekiti wa kamati ukirudi.